Mteja Hasalimiwi Njiani

Mkubwa wa ofisi ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki na pompa. Amesema niandike "uzoefu". Uzoefu ni neno la watu wenye viti vya kuzunguka. Mimi nimepiga dawa ya wadudu katika nyumba za Bujumbura tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kama kuna nilichopata humo, ukiacha kikohozi, ni kuijua nyumba kwa harufu kabla sijavua kofia. Ya wadudu nitawaambia, msiwe na wasiwasi. Ila kuna jambo jingine linaloniuma, na nitalisema vilevile, maana mimi nilipokuwa kijana hakuna aliyenionya mapema. Kazi hii inakufanya ujulikane na mji mzima, halafu mji mzima usikusalimie.

Aliyenifundisha ni Mzee Rajabu, mtu wa Buyenzi kama mimi, mfupi, mkali, mwenye mazoea ya kuongea na pompa yake kuliko na watu. Siku ya kwanza alinipeleka kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa na mende jikoni. Nilikuwa nimekwisha kuibeba pompa mgongoni, nimejifunga kitambaa usoni, nimesimama kama askari. Akaniambia niitue. Akafunga madirisha ya jiko, akazima taa, akanikalisha juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Sikiliza," akasema.

"Nisikilize nini, Mzee?"

"Nyamaza basi, utajuaje?"

Tukakaa gizani mchana kweupe. Baada ya muda nikaanza kuwasikia. Nyuma ya kabati, chini ya jiko la makaa, ndani ya mlango wenyewe, mkwaruzo mdogo mdogo kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. Mzee Rajabu akanionyesha kwa kidole, pale, pale na pale. Ndipo akaniruhusu kushika pompa. Alisema mtu anayeanza na pompa kabla ya masikio anawafukuza mende wa chumba hiki kwenda chumba kile, na mteja analipa ili wadudu wake watembee. Akanifundisha kulainisha mpira wa pompa kwa mafuta kidogo, kusukuma mpini kwa mkono wa kushoto ili wa kulia usichoke, na kunawa mpaka kwenye viwiko kabla ya kugusa hata kipande cha mkate. Hayo yote mnayajua. Kama hamyajui, mna bahati kuwa bado mko hai.

Tulipomaliza, mwenye duka alitupa chai, akatuchekesha, akatuita ndugu zake. Jioni hiyo hiyo tukakutana naye barabarani akiwa na wenzake wawili wanatoka msikitini. Mimi, kwa ujinga wangu, nikainua mkono: "Asalaam aleikum!" Bwana wee! Yule mtu alipita kama anayepita nguzo ya umeme. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia. Mzee Rajabu akanivuta shati.

"We unatafuta nini? Mteja hasalimiwi njiani."

"Lakini si ametupa chai?"

"Ametupa kwake, mulango umefungwa. Hapa akikujibu, wenzake watamuuliza, yule umemujua wapi? Na we na pompa yako mugongoni, jibu si liko wazi? Akianza yeye, mujibu. Asipoanza, haumujui."

"Hata siku ya Idi?"

"Siku ya Idi ndiyo zaidi. Amevaa vizuri."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, nilikuwa na marafiki wa kutosha, na sikuona hasara. Mzee Rajabu hakucheka. Sasa namuelewa, Mungu amrehemu.

Kuna sehemu moja tu ambako sheria hiyo haikuwa na kazi, nayo ni Buterere. Kule maji yakipanda kutoka mashamba ya mpunga, panya wote wanahamia kwa watu, na aibu inahitaji mtu mmoja aliye nao na mwingine asiye nao. Buterere walinisalimia tangu mbali, watoto wakinifuata wakiimba "Panya! Panya!", na sijui kama walimaanisha kazi au sura yangu. Kesi ngumu kuliko zote nilikutana nayo kule. Familia moja iliweka sumu ya dukani kila siku, panya wakafa siku ya kwanza, kisha hakufa tena hata mmoja. Baba wa nyumba alikuwa amekwisha kuamua kwamba wametumwa na jirani.

Nilimwambia ukweli ambao wengi hawaujui. Panya hawezi kutapika. Mungu hakumpa njia ya kurudisha alichomeza, kwa hiyo amempa woga. Chakula kipya anakionja kidogo tu, kisha anangoja aone tumbo linasemaje. Sumu kali inayoua papo hapo inawafundisha wengine wote. Basi tukaweka chakula kitupu, bila sumu, mpaka wakakizoea wakaja wanagombana, ndipo tukachanganya dawa ya polepole. Yule baba alisikitika kidogo, nadhani alipenda zaidi habari ya jirani. Walinishukuru, wakanikaribisha ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, tukaahidiana kuonana. Mvua iliyofuata ilibomoa nyumba ile. Nilipopita tena palikuwa na watu wengine, nao walinisalimia vizuri sana bila kunijua.

Niwape moja la bure kabla sijaendelea. Siafu wakiingia nyumbani kwa mteja, usipige dawa. Mtoe mteja nje, mtoe mtoto mchanga, toeni kuku, kisha mkae mngoje. Siafu watapita chumba kwa chumba, watakula mende, watakula kunguni, watakula mayai ya kila kitu, na wakimaliza wataondoka bila kuaga. Mzee Rajabu aliwaita wafanyakazi wenzetu, ila wao hawaombi chai.

Sasa nije Gihosha.

Wito ulikuja ofisini kwa sauti ndogo. Mwalimu wa shule ya msingi, mjane, kiongozi wa akina mama kanisani kwake. Alikuwa amenunua viti vya sebuleni vilivyokwisha kutumika, vizuri, vya kitambaa chekundu, na ndani ya viti wakaja wapangaji. Kunguni. Watu walimwita Mama Nadine, kwa jina la binti yake aliyekuwa ameolewa na kukaa kwake mtaa mwingine. Siku ile Mama Nadine hakulitamka jina la mdudu hata mara moja. Alisema "ile kitu".

"Usikuje na pompa inaonekana," akaniambia kwenye simu ya ofisi. "Na ile koti ya kazi, apana. Jirani akiuliza, we ni fundi wa umeme."

Nikaenda na pompa ndani ya gunia la mchele na waya uliokunjwa begani. Kabla sijabisha hodi, jirani akachungulia juu ya ua. "Fundi! Prizi yangu ya umeme sebuleni inatoa cheche!" Nikamwambia pole mama, nina haraka. Kila nilipokuja jirani huyo alikuwa na jambo, prizi, balbu, pasi, na kila mara nilikuwa na haraka. Nadhani mtaa mzima uliamini kwamba nyumba ya Mama Nadine ndiyo yenye umeme mbovu kuliko zote Gihosha.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kiti cha mbao, macho mekundu. Alikuwa amepiga deki mpaka sakafu inateleza. Nikamwambia, Mama, kunguni hajali deki. Hafuati uchafu, anafuata pumzi. Mtu anapolala na kupumua, yeye anaisikia ile hewa na lile joto kutoka kwenye tundu la msumari, anatembea kuifuata mpaka kitandani. Nyumba ikiwa tupu, anakaa miezi mingi bila kula, anangoja tu mtu aje apumue. Tajiri anapumua, maskini anapumua, padri anapumua.

Akanitazama. "Kwa hiyo hata mutu wa kanisa anaweza kuwa nayo?"

"Anaweza."

"Kuna mwingine kwetu kanisani mwenye nayo?"

Nilikuwa najua wawili katika kwaya yake. "Mama, mi siwezi kusema."

Akacheka, mara ya kwanza. "Basi na yangu hautasema."

Mnajua kwamba baada ya kupiga dawa nyumba inafungwa, na watu wanakaa nje mpaka harufu ipoe. Wateja wengine huenda kutembelea ndugu. Mama Nadine hakuweza, maana majirani wangeuliza kwa nini ametoka na fundi yuko ndani. Kwa hiyo tulikaa wote wawili nyuma ya nyumba, yeye juu ya kigoda, mimi juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, tukiongea kwa sauti ya chini. Kunguni hawamaliziki kwa kupigwa mara moja, mayai yanabaki, lazima urudi. Nilirudi. Baadaye ikawa mende. Baadaye ikawa "kuja kuangalia tu". Miaka ikapita hivyo.

Alikuwa mwalimu kweli, hakuacha kitu kipite. Aliniuliza kwa nini mbu wengine hawaumi. Nikamwambia wanaouma ni majike tu, dume anakunywa maji ya maua, na dume humtambua jike kwa mlio wa mabawa.

"Katika makelele yote haya ya Bujumbura?"

"Katika makelele yote."

"Ee! Na mume wangu nilikuwa namuita toka jikoni hasikii."

Siku nyingine alinionyesha maharage yake yaliyojaa vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaonyonya majani, na sisimizi wakipanda na kushuka. Alitaka niwaue vidukari na niwaache sisimizi kwa kuwa wanawala. Nikamwambia hawawali. Wanawafuga. Sisimizi anampapasa kidukari mgongoni, kidukari anatoa tone tamu, sisimizi anakunywa. Adui akija wanawalinda, jani likikauka wanawahamisha. Mama Nadine akainama akatazama kwa muda mrefu, miwani karibu igonge jani.

"Wanachunga ng'ombe," akasema. "Kumbe nao ni Warundi."

Na nilipomwambia kwamba mende anaweza kuishi wiki nzima bila kichwa, anatembea, anajificha, na mwisho hafi kwa jeraha, anakufa kwa kiu kwa sababu hana mdomo wa kunywa, hakucheka kama nilivyotegemea. Akachota maji kwenye kikombe, akayaangalia. "Mi toka mume wangu afe niko hivyo hivyo. Natembea tu." Halafu akanipa mimi kikombe ninywe.

Njiani hakunijua, bila shaka. Sheria ni sheria. Nilikutana naye nikiwa na Mama Mariamu, mke wangu, siku watu wananunua vitu vya Krismasi, naye akiwa na akina mama wenzake wa kanisani. Macho yake yalipita juu yangu kama juu ya kichuguu. Lakini nilipokwenda kwake tena na kukaa kwenye kreti, alianza hivi: "Jumamosi nilikuona. Ulivaa shati ya bulu, ilikukaa vizuri. Jambo, Papa Mariamu."

"Jambo sana, Mama Nadine."

Ikawa desturi yetu. Salamu za barabarani tulikuwa tunapeana nyuma ya nyumba, zimechelewa wiki, wakati mwingine mwezi. Nilizipenda. Msinicheke. Mtu mwenye njaa hachagui sahani.

Kisha Mama Mariamu akafariki. Mliokuwepo kazini mlikuja, nawashukuru. Lakini nilikaa pale kwenye jamvi siku zote za matanga nikitazama mlango, nikafikiri: nimeingia vyumba vya kulala vya nusu ya mji huu, nimenyanyua magodoro yao, nimewaona wakilia kwa aibu nikawanyamazisha, na hakuna hata mmoja atakayeingia hapa. Angekuja kama nani? Angesema ananijua wapi? Ndugu zangu waliuza nyumba ya urithi pale Buyenzi, tukagawana, binti yangu Mariamu akarudi kwa mume wake Uvira, na mimi nikapanga vyumba viwili Musaga, ambako sikuwa na mtu.

Mama Nadine alinipa pole miezi miwili baadaye, nyuma ya nyumba. "Nilisikia. Nilipita kule Buyenzi na gari ya mutoto wangu. Niliona watu, niliona viti. Papa Mariamu, sikuweza kuteremuka. Ningesema mi ni nani?" Akaniuliza sasa naishi wapi, nikamwambia Musaga, peke yangu. Akalia, mimi nikalia, dawa ndani ikiendelea kukauka. Tangu siku hiyo sikumwita tena mteja, hata moyoni.

Ndipo nikafika siku ya mwisho ya kazi. Nilikwenda Gihosha kumwambia kwamba mwezi unaokuja atakuja kijana mwingine, mwenye adabu, mwenye barakoa nzuri kuliko yangu. Yeye hakujali barakoa.

"Sasa ukitoka kwa kazi, we si mupiga dawa tena?"

"Mi ni mzee tu kama wazee wengine."

"Basi nikikusalimia njiani, hata wakiuliza, wataniambia nini?"

"Watauliza umenijua wapi."

"Waulize! Mi nitakuita kwa sauti. Papa Mariamu! Pale sokoni, mbele ya wamama wote wa kanisa. Na mukono nitakupa."

"Mama Nadine, usiahidi."

"Nimekwisha ahidi. Mi ndiye nitaanza. We ukae kimya, usiharibu."

Nilishuka mlima wa Gihosha nikicheka peke yangu kama mwehu. Mnaona kitu kidogo namna hiyo? Mtu akuite jina lako sokoni. Wengine mnaitwa kila siku mpaka mnakereka. Mimi nilikitaka kuliko kitu chochote mlichonipa kwenye sherehe ya kuniaga, na ile saa ya ukutani ni nzuri, sikatai.

Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza: sokoni, soko gani? Sisi watu wa zamani wa Bujumbura tukisema sokoni bado tunaliona lile soko kubwa la katikati ya mji, ambako kila mtu alikutana na kila mtu. Liliungua. Siku hizi kila mtaa na soko lake. Simu yake sikuwa nayo, namba za wateja zinakaa ofisini, ndivyo inavyotakiwa. Na kwenda kwake sikuweza. Mwanaume mwenye waya begani anaingia kwa mjane, watu wanasema ni fundi. Bila waya watasema nini? Nikaamua mwenyewe kwamba mwanamke anakwenda soko la kwao. Basi kila Jumamosi nikawa napanda kwenda soko la kule juu, karibu na Gihosha.

Nilivaa vizuri. Nilinunua vitunguu nisivyovihitaji. Nilizunguka kwenye mchele, kwenye mawese, kwenye nguo, narudi kwenye mchele. Wateja wa zamani nilikutana nao wengi. Mama mmoja niliyempigia kunguni mara tatu aliponiona aligeuka kwa kasi akaangusha nyanya zake zote, nikainama kumwokotea, akasema "Merci, muzee," kama aliyeniona leo kwa mara ya kwanza. Muuza mchele akaanza kuniuliza kama nimepotelewa na mtu.

Mama Nadine hakuonekana. Jumamosi ya kwanza nilisema anaumwa. Ya pili nikasema ana harusi. Zilipokuwa nyingi nikaanza kusema ukweli, au nilichodhani ni ukweli: ameniona. Ameniona kwa mbali, akawatazama wenzake, akatazama viatu vyangu, akapita upande mwingine. Kuahidi nyuma ya nyumba ni rahisi, hata mimi ningeahidi. Nilimkasirikia, nasema wazi. Nilikaa chumbani kwangu Musaga, saa yenu ikigonga ukutani, nikamkasirikia mpaka nikashindwa kula. Nikaacha kwenda sokoni.

Kisha mmoja wenu akanipigia simu, anajijua, namshukuru. Alikuwa ametumwa Gihosha na gunia lake na waya wake. Akaniambia, "Mzee, yule mama wa umeme, nimekuta hema limesimama. Ni presha. Alianguka Jumamosi jioni, hakuamka."

Nilikwenda siku ya pili baada ya maziko. Hasira yangu nilikwenda nayo, sikujua pa kuiacha. Nilivaa ile shati ya bulu kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi.

Hema lilikuwa limejaa. Mnajua kilio cha watu wa kanisa kilivyo na mpango. Familia huku, walimu wenzake kule, kwaya mbele, majirani pembeni, na kijana mwenye suti mlangoni wa kuwapangia watu viti. Akanishika mkono kwa heshima.

"Karibu, Mzee. Uko upande gani?"

Nikatazama ndani. Walimu, sikuwa mwalimu. Kwaya, sikuwa wa kwaya. Majirani, hapana. Katika viti vile niliona nyuso tano au sita nilizozijua vizuri, na kila moja ilipokutana na macho yangu iliinama kutafuta kitu chini. Waliogopa nisije nikawasalimia. Nilikuwa kwenye msiba wa rafiki yangu, na watu walikuwa wananiogopa mimi.

"Mzee? Upande gani?"

Ningesema ukweli, ningemwanika mbele ya kanisa lake lote, viti vyekundu na kila kitu. "Mi ni fundi wa umeme wa hapa," nikasema.

"Aa, wafanyakazi. Nyuma kule, karibu."

Nikakaa nyuma na mlinzi na kijana wa maji. Wakanipa Fanta. Nikasikia walimu wakisema alivyokuwa mwalimu, kanisa wakisema alivyokuwa nguzo ya kanisa. Hakuna aliyesema kwamba alikuwa anachekesha. Nikaona hata mimi simjui huyo wanayemsema.

Mwishoni binti yake Nadine akapita kiti kwa kiti akishukuru watu. Alipofika kwetu akampa mkono mlinzi, akampa kijana wa maji, akasimama kwangu. Alikuwa na pua ya mama yake na uchovu wa siku nyingi.

"We ndiye fundi wa umeme?"

"Ndiye mimi. Pole sana, mwanangu."

"Mama alikuwa anakutaja. Aliwaambia watoto wangu mende anaishi bila kichwa. Nikamuuliza, umetoa wapi hiyo? Akasema, kwa fundi wa umeme." Akatabasamu kidogo, akaketi kwenye kiti kitupu karibu yangu. Nadhani alikuwa amechoka kusimama. "Unajua, mi najilaumu. Tungemukataza. Miezi hii ya mwisho mguu ulimuuma, na bado kila Jumamosi anapanda basi anaenda soko ya Musaga. Musaga! Kuvuka mji wote! Eti mboga ya lengalenga ya kule ni laini. Nikamuambia, Mama, si unalima lengalenga nyuma ya nyumba? Hasikii. Anazunguka soko mpaka mchana, anarudi na furushi, ananiletea. Tumekula lengalenga mpaka watoto wanakimbia meza. Hata ile Jumamosi alitoka huko."

Nikapiga funda la ile Fanta. Niliishika mdomoni kama mtoto.

Nadine akajifuta macho, akakumbuka adabu, akaniuliza kama watu wanavyouliza mgeni wa msibani, ili kuongea tu. "Na we, Mzee, unakaa wapi?"

Miaka yote hiyo ya kazi nilikuwa sijamtaja mteja mbele za watu. Mlinzi alikuwa anasikiliza, mstari wa mbele yetu ulikuwa umegeuza masikio, na yule mama wa nyanya alikuwa hapo hapo.

"Musaga," nikasema, na nilisema kwa sauti.

Nadine akanitazama. Akaitazama shati, akaitazama mikono yangu, akarudi usoni, kama mama yake alivyowatazama wale sisimizi.

"Kumbe lengalenga ni wewe," akasema.